Star Trek Adventures, toleo la pili: uhakiki kwa meza inayocheza kwa Kiswahili

Katika mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika, mhusika wako akifyatua silaha kwa nia ya kuua, msimamizi wa mchezo, yaani anayeongoza hadithi na kuwachezea maadui, anaongezewa pointi ya kuwabana ninyi nyote mezani. Hiyo ni kanuni kamili, imo kitabuni, na inafanya kazi kila mara. Ukiweka silaha katika hali ya kupoozesha, hulipi kitu. Tumeanza na kanuni hii ndogo kwa sababu inaeleza mchezo mzima: Star Trek Adventures umeundwa ili wachezaji wajikute wanatenda kama mabaharia wa Starfleet, kikosi cha vyombo vya anga cha tamthilia ya televisheni ya Star Trek, hata kama hawajawahi kuitazama tamthilia yenyewe. Anayetafuta mchezo wa kuvunja milango na kukusanya ngawira atachoka nao ndani ya saa mbili. Anayependa watu sita wanaobishana kwa heshima chumbani huku chombo kinavuja hewa, huu ndio wake.

Mchezo unatolewa na Modiphius Entertainment ya London. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2017, la pili mwaka 2024, na yote mawili yanatumia mfumo wa 2d20, yaani dadu mbili za pande 20. Si jaribio la kwanza kuipeleka Star Trek mezani. FASA walitoa mchezo wao mwaka 1982, Last Unicorn Games wakafuata mwaka 1998, kisha Decipher mwaka 2002, na kila mmoja bado una wapenzi wake. Ila hii ya Modiphius ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika kuzifanya kanuni zifanane na hadithi.

Msomaji wa Kiswahili ana mlango wake wa kuingilia. Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa tamthilia ya awali aliyechezwa na Nichelle Nichols, ana jina lililochongwa kutoka neno letu uhuru, na jina lake la kwanza, Nyota, halihitaji kamusi. Katika sehemu ya kwanza kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe aliyejigeuza mwanadamu anamsemesha Kiswahili. Kwa hiyo afisa wa mawasiliano anayetoka pwani yetu hana haja ya kuombewa nafasi katika ulimwengu huu. Amekuwamo tangu siku ya kwanza.

Kitabu ni cha Kiingereza, na meza inayocheza kwa Kiswahili inapaswa kukubaliana maneno mapema, la sivyo nusu ya saa ya kwanza inaishia kwenye tafsiri. Haya ndiyo tunayoyatumia. Kila mhusika ana Sifa sita: Utulivu, Uthubutu, Siha, Utambuzi, Haiba na Mantiki. Ya kwanza kitabuni inaitwa Control, na kosa la kawaida ni kuiita Udhibiti. Usifanye hivyo. Wachezaji watadhani ni uwezo wa kuwatawala wengine, kumbe ni ule mkono usiotetemeka wa daktari anayepasua au mhandisi anayegusa waya wenye moto. Utulivu unakaa vizuri. Kisha zipo Idara sita: Uongozi, Urubani, Uhandisi, Usalama, Tiba na Sayansi. Sifa huanzia 7 na kikomo chake ni 12. Idara huanzia 1 hadi 5.

Ukitaka kufanya jambo lenye mashaka, unajumlisha Sifa moja na Idara moja, unarusha dadu mbili, na kila dadu iliyoangukia jumla hiyo au chini yake ni fanikio moja. Ikiwa una Ubobezi unaohusika, mfano isimu, upasuaji wa dharura au injini za warp (zile za kuzidi kasi ya mwanga), basi dadu iliyoangukia namba ya Idara yako au chini yake inahesabiwa mafanikio mawili. Namba 1 ni mafanikio mawili siku zote. Namba 20 huleta Tatizo, hata kama umefaulu. Msimamizi hutaja Ugumu kuanzia 0 hadi 5, na hiyo ndiyo idadi ya mafanikio unayotakiwa kufikisha.

Tuchukue afisa mwenye Mantiki 10, Sayansi 4 na Ubobezi wa isimu. Lengo lake ni 14. Kwa dadu mbili, Ugumu 2 anaufikia kwa asilimia 61. Bila Ubobezi ule, anashuka hadi 52. Ukipanda hadi Ugumu 3, dadu mbili zinampa asilimia 24 tu. Hapo ndipo mchezo unapoanza kwa kweli, kwa sababu dadu za ziada zinanunuliwa: ya kwanza kwa pointi 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 3, na mwisho wake ni dadu tano mkononi. Dadu tatu zinampandisha hadi asilimia 56, nne hadi 78, tano hadi 90. Lakini kila dadu inayoongezeka inaongeza pia hatari ya 20: kwa dadu mbili uwezekano wa kupata angalau Tatizo moja haufiki asilimia 10, kwa dadu tano unakaribia 23. Msimamizi mpya anayeweka Ugumu 3 kwa kila kitu kwa kudhani ni wa kati anaua meza yake. Ugumu 1 ndio wa kawaida. Ugumu 2 uwe kwa jambo gumu, na 3 kwa lile ambalo kundi zima litalijadili kabla ya mtu kugusa dadu.

Pointi hizo zinatoka wapi? Mafanikio yanayozidi Ugumu hugeuka kuwa Msukumo, ambao kitabu kinauita Momentum, na huingia katika chungu cha kundi zima kisichozidi 6. Aliyeuzalisha haumiliki peke yake. Daktari anayefanya vizuri sana wodini anamwachia rubani dadu ya ziada dakika kumi baadaye. Msukumo 1 hununua swali moja ambalo msimamizi lazima alijibu kwa ukweli, Msukumo 2 huweka Hali mpya katika tukio, kwa mfano «ngao zao zimelegea upande wa nyuma». Na mwisho wa kila tukio chungu hupungua kwa 1. Kanuni hii ya kupungua husahaulika sana, na ikisahaulika mchezo unaharibika: chungu kinajaa sita, kinabaki sita, na wachezaji wanakilinda kama akiba ya harusi badala ya kukitumia.

Wasiokuwa na Msukumo wanaweza kununua dadu kwa kumpa msimamizi Tishio, kitabuni Threat. Tishio ni chungu chake yeye. Katika toleo la kwanza anaanza na 2 kwa kila mchezaji. Analitumia kuwaongezea maadui dadu kwa bei ileile, kuleta wasaidizi wao, au kuibua Tatizo. Tunashauri vyungu vyote viwili vionekane mezani, visiandikwe kwenye karatasi. Komwe sita za bao zinatosha kabisa kwa Msukumo, na visoda vya chupa kwa Tishio. Sababu ni ya kiutendaji: mchezaji anapoona visoda kumi na viwili vimelundikana mbele ya msimamizi, anabadili uamuzi wake bila kuambiwa. Namba iliyofichwa haimtishi mtu.

Turudi kwa yule afisa wetu ili mambo yaonekane yakitembea. Ishara iliyokatikakatika inaingia kutoka kwenye chombo kinachozama kuelekea nyota. Lugha haijulikani, Ugumu 3. Anatoa komwe moja, ananunua dadu ya tatu. Chombo chenyewe kinamsaidia, kwa sababu kila chombo kina namba zake, nacho hurusha dadu moja kikihesabiwa kuwa na Ubobezi wakati wote. Hiki kina Mawasiliano 9 na Sayansi 3, kwa hiyo lengo lake ni 12. Afisa anapata 3, 12 na 20. Namba 3 iko chini ya Idara yake, basi mafanikio mawili. 12 ni moja. 20 ni Tatizo. Chombo kinapata 8, fanikio moja. Jumla manne: amefaulu, na komwe moja inarudi chunguni. Sasa msimamizi anachagua: ama alitaje Tatizo papo hapo, tuseme majibu yetu yamesikika pia na wale waliokishambulia chombo kile, ama alifute na kujiongezea Tishio 2. Jambo moja, mrusho mmoja, na watu wote mezani wana cha kusema kuhusu kinachofuata. Mifumo michache inakupa hayo yote kwa mrusho mmoja.

Tunachokipenda kuliko vyote ni Misimamo, kitabuni Values. Kila mhusika mkuu ana minne, na kila mmoja ni sentensi ya imani yake. Mhusika huanza kipindi na pointi 1 ya Azma na hawezi kushika zaidi ya 3. Akiwa katika jambo linaloungwa mkono na Msimamo wake, anaweza kutumia Azma na kupata dadu inayohesabiwa tayari imeangukia 1, yaani mafanikio mawili ya uhakika. Azma mpya hupatikana pale Msimamo unapomponza, au anapoukana mbele ya tukio lililomthibitishia kwamba alikosea. Hapo anaukata kwenye karatasi, kisha baadaye anaandika mwingine. Mtu anabadilika mbele ya wenzake, na kanuni zinamlipa kwa kubadilika.

Lakini Msimamo ulioandikwa vibaya hauzai kitu. «Ninapenda haki» ni maneno matupu. Hakuna tukio litakaloupinga, kwa hiyo hautakuletea Azma kamwe. «Mgonjwa kwanza, amri baadaye» ni Msimamo mzuri, kwa kuwa siku nahodha atakapoamuru chombo kiondoke huku majeruhi wako chini, meza nzima itageuka kumtazama daktari. Kwa afisa wetu wa mawasiliano tungeandika «Hakuna lugha ngumu, kuna msikilizaji mwenye haraka». Kipimo chetu ni hiki: je, Msimamo huu unaweza kumsaidia mhusika asubuhi na kumwingiza matatani jioni ya siku hiyohiyo? Kama hauwezi, uandike upya kabla ya mchezo kuanza. Methali zetu zinafaa sana hapa, maana nyingi zimekwisha kubeba mvutano ndani yake. Mhusika anayeamini kwamba subira huvuta heri ana shida kubwa injini inapobakiza dakika nne.

Kumtengeneza mhusika hufuata maisha yake: spishi, mazingira alikozaliwa, malezi, chuo cha Starfleet, kazi, na matukio mawili yaliyomjenga. Katika toleo la kwanza mwisho wake Sifa zinajumlika 56 na Idara 16, na ukipata jumla tofauti umeruka hatua. Hesabu kabla ya kuendelea, kwani kosa hili ni la kila mara, na mara nyingi ni zile pointi za spishi zilizosahaulika. Kwa kundi la watu wanne pamoja na chombo chao, tenga kipindi kizima. Wala si muda uliopotea: matukio yale mawili ya maisha ndiyo msimamizi atakayoyachimba kwa miezi.

Chombo ni mhusika wa ziada. Kina mifumo sita (Mawasiliano, Kompyuta, Injini, Vihisi, Muundo na Silaha), kina Idara zilezile sita, na kina Ukubwa. Ukubwa huo hugusa pia watu: ndio unaotoa kipimo cha wahusika wasaidizi mnaoweza kuwaleta katika kisa kimoja. Kanuni ya wasaidizi ndiyo suluhisho bora tulilowahi kuona kwa tatizo la zamani la michezo hii, yaani nahodha na daktari mkuu kushuka wote sayarini kila wiki. Nahodha anabaki darajani, yaani chumba cha kuongozea chombo, na mchezaji wake anamchukua luteni mdogo wa usalama. Karatasi yake inajazwa kwa dakika tano: Sifa 10, 9, 9, 8, 8, 7, Idara 4, 3, 2, 2, 1, 1, Ubobezi mitatu, basi. Akirudi kisa kingine, anaongezewa kitu kimoja. Baada ya visa vitano yule luteni asiyekuwa na jina ana Msimamo, ana historia, na kundi litamlilia akiumia.

Mapambano ndiko matoleo mawili yanakotengana. Toleo la kwanza lilikuwa na dadu maalumu za pande sita za kupimia madhara: 1 na 2 zilihesabika zilivyo, 3 na 4 hazikuwa kitu, 5 na 6 zilikuwa 1 pamoja na athari ya silaha. Kila shambulio lilirushwa mara mbili, na vita vya vyombo vyenye alama za nishati, ngao na uharibifu wa kila mfumo vilikuwa vizito mno kwa watu watatu wanaojifunza. Toleo la pili limezitupa dadu hizo. Sasa silaha ina ukali wake uliowekwa, ikikupata unaumia, na Shinikizo ni akiba unayoitumia kulikwepa jeraha hadi itakapoisha. Vita vinakwenda haraka na vinaogopesha zaidi. Upande wa chombo pia umepunguziwa hesabu. Kwa maoni yetu badiliko hili peke yake linatosha kuchagua toleo la pili, hata kama rafiki yako anakuuzia la kwanza kwa bei ya kutupa.

Ipo sababu nyingine ya macho. Kitabu cha toleo la kwanza kiliigiza skrini za kompyuta za tamthilia: kurasa nyeusi, maandishi meupe, hadithi fupi zilizotawanywa kila mahali. Kinapendeza kwenye picha. Kusoma nacho jioni taa hafifu ni mateso, na kukichapisha steshenari kunamaliza wino wa mwenye duka. Tena kanuni za msingi zinaanza sura ya nne, baada ya historia ya Shirikisho la sayari ambalo Starfleet hulitumikia na maelezo ya Starfleet. Toleo la pili limeyarekebisha hayo kwa kiasi kikubwa.

Kasoro zimebaki, na mbili ni nzito. Ya kwanza ni ukuaji wa wahusika. Namba hupanda polepole sana. Mara nyingi unabadilisha Msimamo au Ubobezi badala ya kuongeza. Waliozoea mchezo mwingine wa aina hii, Dungeons & Dragons, ambako kila wiki chache unapanda ngazi, wataona wamekwama. Waambieni mapema kwamba hapa mtu anaanza akiwa mtaalamu. Ya pili ni nahodha. Mchezaji mmoja akipewa cheo cha kuwaamuru wengine, baadhi ya meza zinageuka kuwa mtu mmoja anayecheza na watazamaji wanne. Dawa inayofanya kazi ni desturi ya chumba cha mkutano: kabla ya kila uamuzi mkubwa nahodha analazimika kuuliza kila idara maoni yake, na kila mmoja anajibu kwa sentensi moja au mbili. Ikishindikana, msimamizi amcheze nahodha, na wachezaji wawe wakuu wa idara.

Msimamizi naye ana mtego wake, nao ni kulikalia Tishio. Wengi hulilimbikiza hadi mwisho kisha wanalimwaga lote katika tukio moja, wachezaji wanahisi wameonewa. Tumia 1 au 2 katika kila tukio, na mara nyingine kwa kitu kisicho cha vita: mlango uliojifunga, balozi aliyefika mapema, mvua ya chembe inayoziba vihisi. Na usidai mrusho kwa kila kitu. Mhandisi mkuu hahitaji dadu kuwasha injini siku ya kawaida.

Ukitaka kuanza, usinunue chochote kwanza. Modiphius wanatoa bure faili la PDF la kujaribia lenye kanuni fupi na kisa kilicho tayari. Chezeni hicho, saa tatu hadi nne, watu wanne na msimamizi. Dadu kumi za pande 20 zinatosha meza nzima. Zisipopatikana mjini kwenu, programu ya dadu kwenye simu inafaa, ila hakikisha kila mtu anaonyesha matokeo, maana 20 ina tabia ya kupotea kwenye skrini ya mtu mmoja. Mkipenda, nunueni kitabu kikuu cha toleo la pili, nakala moja ya PDF kwa msimamizi inatosha kwa miezi. Vitabu vya visa vya toleo la kwanza bado vinatumika. Kazi iliyopo ni kubadilisha silaha na madhara ya maadui, na hiyo ni nusu saa ya kalamu kwa kisa kimoja. Asiye na kundi atafute Captain's Log, kitabu cha kampuni hiyohiyo cha kucheza peke yako chenye kanuni nyepesi zaidi.

Vitabu vya ziada vya maeneo ya anga na spishi viacheni kwanza. Kinachokosekana mezani mwanzoni ni karatasi moja ya muhtasari yenye bei za Msukumo, matumizi ya Tishio na Sifa sita kwa majina mliyokubaliana. Iandikeni wenyewe kwa Kiswahili, upande mmoja wa A4, na kila mchezaji apate nakala yake.